Karatasi ya Kusema Sikufanya Kitu

Mama hakusikia neno jingine ila "polisi." Nilikuwa nimempigia WhatsApp kumwomba anitafutie pasipoti yangu ya zamani, nikaharakisha maneno, polisi wakatajwa kabla ya pasipoti. "Mwanangu, umefanya nini huko?" Nikamwambia sijafanya kitu. "Basi polisi wa nini?" Wa kuandika kwamba sijafanya kitu, mama. Kimya. Kisha nikamsikia akimwambia jirani aliyekaa naye barazani, kwa sauti ya mtu anayedhani simu imekatika: "Mtoto huyu ameshikwa."

Hiyo ilikuwa Februari 2024. Niko Edmonton, magharibi ya Kanada, na kazi yangu ni kuhudumia wazee: kuwaosha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Nilikuja 2021 kusoma, nikamaliza, nikapata kibali cha kazi, na wiki ile ndiyo nilikuwa nimeletewa mwaliko wa kuomba ukaazi wa kudumu kupitia Express Entry, mpango wa Kanada wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi. Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni. Halafu nikakaa kusoma masharti. Ukishapata mwaliko una siku 60 za kuwasilisha kila kitu, na ndani ya hicho kila kitu kimo cheti cha polisi cha kila nchi uliyoishi miezi 6 mfululizo au zaidi katika miaka 10 iliyopita, tangu ulipotimiza miaka 18. Kanada yenyewe haimo. Kwangu zilikuwa mbili: Kenya nilikozaliwa, na Qatar, nilikofua mashuka ya hoteli kuanzia 2015 hadi mwanzoni mwa 2020.

Ya Kenya sikuiogopa. Cheti cha mwenendo mwema, au gudi kondakti kama tunavyokiita kwetu, nilikuwa nacho tayari kwenye faili, kimetolewa Julai 2021 nilipokuwa nikihangaikia mambo ya safari. Sikuwa na kesi wakati ule na sikurudi nyumbani tangu wakati ule, kwa hiyo nikaona nimemaliza nusu ya kazi. Ni rafiki yangu mmoja Mnigeria, aliyepita njia hiyo mwaka mmoja kabla yangu, aliyeniambia nisome tena mstari ule taratibu. Kwa nchi ambayo huishi tena, cheti kinatakiwa kiwe kimetolewa baada ya mara ya mwisho kuishi huko. Changu cha Julai. Ndege nilipanda Septemba. Kwa miezi ile miwili, kwa hesabu za karatasi, ningeweza kuwa nimevunja benki ya Mombasa na hakuna ambaye angejua.

Basi nikaingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya. Nenosiri nililikumbuka, lakini namba ya kuthibitisha ilikuwa ikienda kwenye laini yangu ya zamani, ambayo sikuitia salio muda mrefu. Nilipoipiga ilipokelewa na mwanamume aliyenieleza kwa adabu kabisa kwamba laini ni yake, na yeye yuko Eldoret. Kumbe laini ikilala sana hupewa mtu mwingine. Kubadilisha namba ile kulinila siku nne, picha ya kitambulisho huku, picha yangu nimeshika kitambulisho kule. Kama uko ng'ambo na bado una laini ya nyumbani, itie shilingi ishirini mara moja moja. Au andikisha namba ya ndugu ambaye hapotezi simu. Mimi nimeandikisha ya kaka yangu, ingawa kaka yangu simu huzipoteza.

Malipo alinifanyia yeye kwa M-Pesa, namba ile ile ya 222222 ya huduma zote za serikali. Sh1,050. Naitaja bei kwa sababu nimewaona watu wakijitolea kukusaidia kupata cheti hiki kwa dola mia mbili, mia tatu, na sehemu kubwa ya msaada wao ni kubonyeza mahali ambapo hata wewe ungebonyeza. Ukilipa unapata fomu ya C24 na risiti ya kuchapisha. C24 ni ya alama za vidole, ina mbele na nyuma, na sharti zote mbili ziwe kwenye karatasi moja. Mimi niliichapisha maktaba, ikatoka karatasi mbili, nikarudi kwenye foleni.

Ningekuwa Mombasa ningekwenda Huduma Centre, ofisi ya huduma za serikali, pale Posta, barabara ya Digo, nikapakwa wino, nikanunua muhogo wa kukaanga nikarudi Likoni kwa feri. Ukiwa nje, unatafuta mwenyewe mtu wa kukuchukua alama, asaini na kupiga muhuri wake, kisha karatasi yenyewe isafiri hadi makao makuu ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, Barabara ya Kiambu, Nairobi. Ubalozi wetu uko Ottawa. Kutoka kwangu hadi Ottawa ni saa nne hewani, na nauli yake ni ya mtu mwingine, si ya mhudumu wa wazee.

Hapa ndipo palipokuwa na kazi hasa.

Mahali pa kwanza nilipokwenda palikuwa kiduka cha picha za pasipoti ambacho pia kinachukua alama za vidole. Kijana aliyenihudumia alizoea mashine: unaweka vidole juu ya kioo, inapiga picha, basi. Wino alikuwa akiushika mara moja kwa miezi, na aliniambia hivyo mwenyewe. Alinipaka kwa roho safi, mwingi, kama anapaka siagi. C24 ina vijisanduku kumi, kila kidole na chake, na kila kidole kinatakiwa kiviringishwe kutoka upande mmoja wa ukucha hadi upande wa pili. Yeye alivibandika tu kama mtu anayepiga kura. Nilipoitazama karatasi niliona madoa kumi meusi. Nikajisemea, wao ndio wataalamu. Nikalipa, nikaenda kutuma.

Kwa kampuni ya vifurushi kutoka Edmonton hadi Nairobi nilitozwa dola tisini na kitu, kwa karatasi mbili. Nilimtumia binamu yangu anayekaa Kasarani, naye akaipeleka kwa mkono. Nilikuwa nikifungua eCitizen asubuhi, mchana na usiku kama mtu anayetazama chungu. Siku ya ishirini ya zile sitini, hali ya ombi ikabadilika: alama hazisomeki, leta nyingine.

Nilikasirika na yule kijana kwa siku mbili. Halafu nikaitazama mikono yangu. Miaka mitano ya kufua Doha, sabuni kali na dawa za kung'arisha nguo, na siku nyingine glavu zimekwisha. Kisha Kanada: kazini kwetu unapaka dawa ya kuua vijidudu kila unapoingia chumba cha mzee na kila unapotoka, na baridi ya huku inakausha kilichobaki. Ncha za vidole vyangu zilikuwa laini, zinang'aa kidogo, kama sarafu iliyopita mikononi mwa watu wengi. Nilikuwa na vidole kumi na sikuwa na alama.

Mtu wa pili nilimpata kwa kuuliza msikitini. Mama wa makamo, Mzungu, aliyekuwa askari zamani na sasa anafanya kazi hii tu, wino na karatasi, kwa watu wanaoomba vyeti vya nchi zao. Alinishika mkono akaugeuza chini ya taa, akaniambia: leo sikupaki. Rudi baada ya wiki. Paka mafuta mazito usiku, lala na soksi mikononi, usioshe vyombo bila glavu, na siku ya kuja usipake chochote. Mimi nikaongeza mafuta ya nazi kwa sababu ya asili yangu. Wiki ile nilinuka kama samaki wa kupaka.

Niliporudi aliniosha mikono kwa maji ya vuguvugu, akaikausha vizuri, akaniambia niitikise ilegee. "Usinisaidie," alisema. Hilo ndilo kosa la watu wengi: wanasukuma kidole wenyewe, kinateleza, mistari inasuguana. Wino aliutandaza mwembamba kwenye kioo mpaka ukakaribia rangi ya kijivu, kwa sababu ukizidi unajaza vifereji vya ngozi na ndipo yanapopatikana yale madoa. Kisha akashika kidole gumba changu, akakiviringisha mara moja, polepole, akakiinua. Kwenye kijisanduku pakabaki mistari, myembamba, imezunguka kama pete za mti uliokatwa. Nilikuwa sijaiona. Nina miaka thelathini na moja na sikuwahi kuitazama. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikutoka vizuri hata kwake, akaandika pembeni kwamba ngozi imelika kwa kazi, akasaini, akapiga muhuri. Sikujua kama hilo linaruhusiwa. Aliniambia wachunguzi wanapenda kuelezwa kuliko kukisia.

Na nilimwomba anichukue seti tatu zaidi kwenye kadi tupu. Hilo nalihesabu kuwa ndilo jambo la akili nililofanya katika safari hii yote, maana Qatar nayo ilikuwa ikingoja vidole vile vile.

Sasa Qatar. Ukiwa Doha na kitambulisho chako hakijaisha muda, cheti hiki unaweza kukiomba hata kwenye simu, kwa Metrash, programu ya wizara yao ya mambo ya ndani. Ukiwa umeondoka, si hivyo tena. Nilichoelekezwa mimi ni: alama za vidole zenye muhuri wa aliyezichukua, nakala ya pasipoti ya sasa, nakala ya pasipoti iliyokuwa na kibali cha kukaa, vyote vipitie ubalozi wa Qatar ulioko Ottawa kugongwa muhuri, kisha mtu aliyeko Doha, mwenye barua yangu ya uwakilishi, aviwasilishe kwa niaba yangu. Wenzangu kadhaa walikichukua chao wiki ya kuondoka, nami niliwacheka nikiona wanajisumbua. Ingawa kwa sharti lile la Kanada, cheti cha kabla ya kuondoka nacho kinaweza kuulizwa maswali. Angalau wao walikuwa na kitu cha kuonyesha.

Kadi yangu ya Qatar niliirudisha kwa kampuni nilipoondoka na sikuipiga picha. Kibali kilikuwa kimebandikwa kwenye pasipoti ya zamani, ile ya kabla ya hizi za kielektroniki za Afrika Mashariki. Tulipobadilisha, ya zamani nikamwachia mama. Ndiyo sababu ya simu ile.

Mama huhifadhi karatasi katika kopo la biskuti, lile kubwa la bati. Alifungua kamera akaliweka kopo mbele yake, akaanza kutoa kimoja kimoja na kunionyesha, hataki kurukia. Risiti za stima za 2009. Kadi ya kliniki ya kaka yangu. Ripoti yangu ya darasa la sita, akaisoma maoni ya mwalimu kwa sauti. Cheti cha kufa cha baba. Hapo tukanyamaza kidogo wote wawili. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, pasipoti.

Nilimwomba anisomee namba kwenye kibali. Namba ya Qatar ina tarakimu 11. Ya kwanza ni ya karne uliyozaliwa, mbili zinazofuata ni mwaka, kisha tatu za nchi yako, na zilizobaki ni zako mwenyewe. Namba ya Kenya ni 404. Bwenini kwetu tuliijua kwa moyo na tulikuwa tukiicheka, kwa sababu ndiyo namba hiyo hiyo intaneti inayokupa ukitafuta ukurasa usiokuwepo. Wakenya wote wa Qatar, ukurasa haujapatikana.

Lakini kilichonitoa jasho ni jina. Jina langu linaanza na Mwana, kama ya wanawake wengi wa pwani, na kwenye kibali limeandikwa kwa Kiarabu vile karani alivyolisikia. Mimi nimesoma chuo cha Kurani, herufi nazijua: amelila silabi moja. La baba ni Mohamed kwenye cheti changu cha kuzaliwa, Mohammed kwenye kitambulisho, na pasipoti ya zamani ilifuata kitambulisho. La mwisho ni la babu, ambalo si jina la ukoo hata kidogo, ni jina la mzee aliyekuwa akivua pweza, lakini fomu za Kanada zinataka jina la ukoo kwa hiyo babu amekuwa ukoo. Ukiwaweka watu hawa mezani, hawa ni wanawake watatu. Na cheti cha polisi humsafisha mwanamke mmoja tu kwa wakati.

Nilichofanya ni kuandika barua ya ukurasa mmoja, mistari minne ya majina, kila mstari na hati ulikotoka, nikaambatanisha nakala. Barua ile ile niliitia kila mahali: Ottawa, Doha, na kwenye maombi yenyewe, ambako fomu inakuuliza kama umewahi kutumia jina jingine. Watu wengi wa kwetu hujibu hapana, kwa sababu kweli hawajawahi kujiita kingine. Jibu ndiyo, uandike tahajia zote. Kujificha si kosa ulilolifanya, lakini karatasi mbili zisizofanana huonekana kama mtu anayejificha.

Hesabu ya siku ndiyo iliyonishinda, na hapo sina wa kumlaumu. Mwaliko ulikuja katikati ya Februari. Ramadhani ya mwaka ule ilianza tarehe 11 Machi, na Idi ikawa tarehe 10 Aprili. Mimi Muislamu, nimefunga Ramadhani tano Doha, najua ofisi za huko mwezi ule hufungua saa chache na Idi hufungwa kabisa, na nilipopanga ratiba yangu sikulikumbuka hilo hata mara moja. Bahasha yangu ilirudi kutoka Ottawa na muhuri wake, ikasafiri, ikafika Doha tarehe 29 Machi. Aliyeipokea ni dada mmoja wa Kisumu tuliyekaa naye chumba kimoja, bado yuko kule. Alitoka zamu ya usiku akaenda moja kwa moja kupanga foleni kwa ajili yangu, mara mbili, kwa sababu siku ya kwanza saa ziliisha kabla ya kufikiwa. Alinitumia ujumbe wa sauti akipiga miayo: "Mpenzi, wamepokea. Baada ya Idi." Sina namna ya kumlipa.

Cha Kenya kilikuwa kimeshatoka. Vidole vya mara ya pili vilikubaliwa, hata vile viwili vilivyoandikiwa maelezo pembeni, na siku ya arobaini na tano nikakipakua kutoka eCitizen. Nusu ukurasa wa maneno.

Siku ya hamsini na nane nikawasilisha bila cha Qatar. Mahali pa cheti nikaweka barua ya maelezo, risiti za vifurushi, nakala ya vidole vyenye muhuri wa ubalozi, na picha ya stakabadhi ya kupokelewa Doha. Kanada inakubali kuangalia uthibitisho kwamba umejaribu kwa kila uwezo, ila haikuahidi chochote; afisa anaweza kukuelewa au asikuelewe. Kuna mtu aliniambia niombe huruma kwenye barua. Sikuomba. Niliandika tarehe tu, kila tarehe na karatasi yake, kama daftari la zamu la kazini: saa fulani mgonjwa kageuzwa, saa fulani kanywa maji. Nadhani hiyo ndiyo lugha wanayoielewa.

Wiki tatu baadaye cha Qatar kikaja, jina likiwa limepungua silabi ile ile. Nikakiskani kwa rangi, mbele na nyuma, hata nyuma ilipokuwa tupu, nikakituma kikafuate maombi yangu. Hawakuniuliza tena kuhusu vyeti. Majibu yalifika Septemba.

Nilimpigia mama, safari hii nikaanza na habari njema kabisa kabla ya neno jingine. Akashukuru, akapiga dua ndefu, akanitaka nimwonyeshe hizo karatasi za polisi. Nikaziweka mbele ya kamera. Akasogeza uso karibu na simu, akaniuliza zimesema nini. Hakuna kitu, mama. "Zote mbili?" Zote mbili. Akatikisa kichwa. Kisha akaniambia lile kopo limejaa, anataka kuzitupa zile risiti za stima. Nikamwambia asitupe hata moja.